Gari Imegeuzwa, Hati ya Bima Haikugeuzwa

Hapana shaka kwamba mafundi wa Visiwa hivi wanastahiki sifa kwa ile kazi ya kulichukua lori dogo la mizigo, kulijengea chumba cha mbao nyuma yake, kulitia paa, kulitandikia mabenchi marefu yanayotazamana na kuliacha wazi ubavuni ili upepo upite. Kwa miongo mingi gari za namna hii zimewachukua watu wa Makunduchi, Nungwi na Konde kwenda mjini na kurudi, pamoja na makapu yao ya ndizi na magunia yao ya makaa juu ya paa. Mabasi hayakutosha na watu walikuwa na safari zao. Fundi wa mbao akaleta jawabu. Hatuziandiki hapa ili kuzibeza.

Tunaziandika kwa kuwa hapana mfano ulio wazi zaidi wa jambo linalowakuta wenye gari wengi bila ya wao kulifikiria. Gari iliyotoka kiwandani ikiwa ya mizigo imekuwa ya abiria. Umbo lake limegeuka, kazi yake imegeuka na uzito wake umegeuka. Je, karatasi iliyomo katika kabati la ofisi ya bima nayo imegeuka?

Wala si gari za mbao peke yake. Ziko Hiace zilizoagizwa kutoka Japani zikiwa za mizigo, zikatobolewa madirisha na kufungwa viti. Ziko gari ndogo zilizotolewa injini ya awali na kutiwa nyingine yenye nguvu zaidi. Ziko gari za kutembeza wageni zilizoinuliwa springi na kuvishwa matairi mapana. Upande wa Dar es Salaam gari nyingi zimefungwa mitungi ya gesi asilia, ambayo huhifadhiwa kwa mgandamizo unaofikia kiasi cha mara 200 ya ule wa hewa tunayoivuta. Kazi hiyo ikifanywa na fundi anayeijua haina ubaya, lakini ikifanywa chini ya mwembe kwa vifaa vya kubahatisha ni habari nyingine.

Malipo ya bima si kodi, ingawa wengi wetu huyalipa kwa moyo ule ule wa kulipa kodi. Ni bei ya hatari. Kampuni huiangalia gari, ikaangalia na kazi yake, thamani yake na idadi ya watu inaowachukua, kisha ikakisia ni mara ngapi itaitwa kulipa na kwa kiasi gani. Lori la mizigo likipinduka, aghlabu huwa na dereva na utingo wake. Lori hilo hilo likitiwa mabenchi, huwa na watu ishirini. Breki zilizotengenezwa kwa uzito fulani sasa zinatakiwa kuusimamisha uzito mwingine, na uzito ukizidi mara mbili, kazi ya breki nayo huzidi mara mbili kwa mwendo ule ule. Mizigo ikipandishwa juu ya paa, gari huwa nyepesi kupinduka katika kona. Abiria aliyekaa ubavu hana cha kumzuia dereva anapokanyaga breki ghafla. Huteleza akamwangukia mwenziwe, na mbao ikipasuka huwa kama mkuki. Katika Hiace iliyogeuzwa swali kubwa ni moja tu: viti vimefungwa wapi? Kiti kilichotiwa skrubu katika bati jembamba la sakafu hung'oka pamoja na aliyekikalia.

Mambo haya ndiyo anayotaka kuyajua anayeuza bima, na sheria ya bima imempa haki ya kuyajua kwa muda mrefu sana. Kanuni yenyewe ilipata umaarufu katika kesi iliyoamuliwa London mwaka 1766 na Jaji Mkuu Lord Mansfield. Gavana mmoja wa Kiingereza aliyekaa katika kisiwa cha Sumatra, jina lake Carter, aliikatia bima ngome yake dhidi ya kutekwa na adui wa kigeni. Wafaransa wakaiteka. Aliyeuza bima akakataa kulipa, akidai kwamba udhaifu wa ngome ulifichwa. Jaji alieleza kwamba mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu mkubwa, kwani mambo mengi anayajua mkata bima peke yake, na akiyaficha mkataba huharibika.

Wanaoitaja kesi hii hupenda kuishia hapo. Husahau kwamba gavana alishinda. Kwa maoni ya jaji, mambo ambayo mwuza bima aliyajua, au aliyopaswa kuyajua, hayakuwa na haja ya kusemwa. Na aliyepokea fedha huku akijua hali ilivyo hawezi baadaye kujifanya amedanganywa. Kwa hivyo uaminifu ni deni la pande mbili. Kampuni iliyopo mjini, ambayo maofisa wake huziona gari za mbao kila siku wakienda kazini, haina uso wa kusema kwamba haikujua lori lile lina mabenchi. Ingeuliza.

Hata hivyo mwenye gari asiitegemee hoja hiyo. Hati za bima kwa kawaida huwa na sharti la kumtaka atoe taarifa gari inapobadilishwa kwa namna inayoongeza hatari, na nyingi huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili ambacho mkata bima hutia saini bila ya kukisoma. Hulijua sharti hilo siku ya madai. Uingereza yenyewe, ilikotoka kanuni hii, imeulegeza ukali wake kwa sheria za mwaka 2012 na 2015: aliyekosea bila ya kukusudia hanyimwi tena moja kwa moja fidia yote. Kama alilipa nusu ya malipo ambayo angetozwa lau angesema kweli, hupewa nusu ya fidia. Huo ni uadilifu unaofaa kutazamwa na watunga sheria wetu.

Lipo na suala la yule aliyeumizwa, ambaye hakuigeuza gari wala hakutia saini popote. Sheria za bima ya lazima za Afrika ya Mashariki zilifuata kielelezo cha sheria ya Uingereza ya mwaka 1930. Nchini humo kampuni haikubaliwi kumnyima majeruhi fidia kwa hoja ya ubovu wa gari au wingi wa abiria. Hulipa kwanza, kisha huweza kumdai mwenye gari. Palipo na kanuni hiyo majeruhi hupona. Mwenye gari aliyeficha ndiye hubaki na deni ambalo gari na nyumba vikiuzwa pamoja huenda visilitoshe.

Si kila mabadiliko huongeza malipo. King'ora cha wezi au chombo cha kuifuatilia gari huweza kuyapunguza. Gari iliyofungwa vishikio ili mtu asiyetumia miguu aiendeshe kwa mikono yapasa iandikwe hivyo, lakini hapana sababu ya haki ya kumtoza mtu huyo zaidi. Viti vikiongezwa malipo hupanda, kwani gari za abiria hutozwa pia kwa idadi ya viti. Na tuseme gari imekatiwa bima kubwa kwa thamani ya shilingi milioni 12, kisha mwenyewe akaitia rimu, taa na redio za milioni 3 bila ya kuziandikisha. Siku itakapoibwa asitarajie kupata zaidi ya zile milioni 12.

Kwa upande wa Serikali, gari moja ina karatasi tatu: kadi ya usajili, cheti cha ukaguzi na hati ya bima. Kila moja huweza kuitaja gari kwa sifa tofauti, kwani ofisi hazilazimiki kuulizana. Mkaguzi anayekuta mabenchi katika gari ambayo kadi yake inasema ni ya mizigo asiipitishe mpaka kadi ibadilishwe, na nakala ifike kwa kampuni ya bima. Fundi naye atoe karatasi ya kazi aliyoifanya. Ada ya kubadilisha kadi isiwe kubwa hata mtu aone ni nafuu kuficha.

Kampuni za bima, likiwemo Shirika la Bima la Zanzibar lililoundwa mwaka 1969, zina wepesi wa kulianza jambo hili bila ya kusubiri sheria mpya. Panatakiwa mstari mmoja tu katika fomu ya maombi, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka: «Gari hii imebadilishwa kitu gani tangu ilipotoka kiwandani, na nani aliyeibadilisha?» Na mstari huo uulizwe tena kila mwaka hati inapofanywa upya.