Je, Wajua? Injini Iliyojichorea Hesabu Yake

Je, wajua kwamba kuivuta springi sentimita 10 za pili hudai kazi mara tatu ya zile 10 za kwanza? Kanuni ya darasani, kani mara umbali, haifui dafu hapa, kwa sababu springi huzidi kukaza kadiri inavyovutwa. Dawa yake ni integrali: umbali hukatwa vipande vidogo mno, kila kipande huzidishwa kwa kani ya pale pale, kisha vyote hujumlishwa. Kwenye grafu ya kani na umbali, jumla hiyo ni eneo lililo chini ya mstari.

Je, wajua kwamba injini za mvuke ziliwahi kujichorea eneo hilo zenyewe? James Watt alibuni namna ya kufunga vali kabla pistoni haijafika mwisho wa silinda, ili mvuke uliokwisha kuingia utanuke na kumalizia safari. Makaa yakaokolewa, hesabu ikavurugika: msukumo sasa ulizidi kupungua mara vali ilipofungwa. Mwaka 1796 msaidizi wake, John Southern, alifunga penseli kwenye kipima presha, na karatasi juu ya ubao uliotembea sambamba na pistoni. Kila mzunguko wa injini ukaacha kitanzi karatasini, na ukubwa wa kitanzi ndio kipimo cha kazi iliyofanyika. Kampuni ya Boulton na Watt ilikifanya kifaa hicho siri kwa zaidi ya miaka 20. Uchoyo, ndiyo, lakini wa mfanyabiashara anayejua thamani ya alichonacho.

Kupima eneo la kitanzi kilichopindapinda kulichosha hadi 1854, Jakob Amsler wa Uswisi alipobuni planimita yake. Unapitisha ncha juu ya mstari mpaka urudi ulikoanzia, kigurudumu kinakusomea eneo. Fomula huandiki hata moja.

Na je, wajua kwamba kuiondoa kilo 1 duniani isirudi tena kunahitaji jouli milioni 62.5 hivi, takriban uniti 17 za umeme? Safari haina mwisho, ila kazi ina kikomo, maana uvutano hufifia upesi kadiri unavyoiacha Dunia. Integrali inatoa jibu la kushangaza: kazi yote hiyo ni sawa na kuinua kilo hiyo kilomita 6,371, yaani nusu kipenyo cha Dunia, kama uvutano usingepungua hata chembe. Bili ya roketi ni kubwa zaidi, kwani hubeba pia mafuta itakayoyachoma njiani.