Mstari wa Mauti

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yaliyoungwa kutokana na mawili, ni machache yaliyozaliwa katika msiba kama deadline, ambalo wahariri, walimu na makarani wa leo hulitumia kwa maana ya saa au siku ya mwisho ya kukabidhi kazi, ilhali hapo kwanza lilikuwa jina la mstari uliopita juu ya ardhi, na mstari huo uliua watu.

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, watu wa Kusini walifungua, mwezi wa Februari 1864, kambi ya mateka huko Andersonville katika jimbo la Georgia, wakaizungushia boma la magogo marefu. Ndani ya boma, kiasi cha mita sita kutoka ukutani, palikuwa na uzio mwepesi wa mbao, na mfungwa aliyeuvuka, au hata aliyenyosha mkono upande wa pili, alikuwa halali ya risasi ya mlinzi pasipo onyo wala hukumu. Uzio huo ndio ulioitwa dead line, yaani mstari wa mauti. Kijito kimoja kilipita kati ya kambi, nacho kilichafuliwa na maelfu ya watu waliosongamana. Maji yenye nafuu yalikuwa pale kilipoingilia, karibu kabisa na mstari, na waliopigwa risasi wakiinama kuyateka hawakuwa wakitoroka, bali walikuwa na kiu. Katika mateka wapatao 45,000 waliofungwa mahali pale, karibu 13,000 walikufa, aghalabu kwa maradhi na njaa. Mkuu wa gereza, Henry Wirz, alinyongwa mjini Washington tarehe 10 Novemba 1865.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini wachapaji wa Marekani walikuwa wakiuita dead line mstari wa mtambo wa kupigia chapa, ambao herufi zilizopangwa nje yake hazikutoka katika karatasi. Na waandishi wa magazeti nao wakaiita kwa jina hilo hilo saa ambayo habari ikichelewa haiingii gazetini. Filamu ya mwaka 1920, Deadline at Eleven, yaonyesha kwamba kufikia hapo maana hii ya wakati ilikwisha kuwafikia watu wa kawaida. Maneno mawili yakagandamana kuwa moja, hata jicho la msomaji halisimami tena juu ya kifo kilichomo ndani yake. Hasara hiyo naiona kubwa, na laiti ningekuwa na amri juu ya kamusi za shule, maelezo ya neno hili yangeanzia kwenye kijito cha Andersonville, ndipo yafike kwenye meza ya mhariri.