Kidonda Hakiponi Barabarani

Daktari amwambia mgonjwa wake: Osha kidonda hiki asubuhi na jioni, pumzisha mguu, urudi Jumatatu. Mgonjwa aitikia vema, achukua bendeji zake, atoka. Lakini huko nje hana maji ya kuoshea, hana kitanda cha kunyoshea mguu, na usiku bendeji zaibiwa pamoja na viatu. Baada ya wiki mbili arudishwa hospitali amebebwa, na watu husema kwamba ni mkaidi. Sisi twasema kwamba aliagizwa jambo lisilowezekana.

Watu wa namna hii wako wengi katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, ijapokuwa ni miji yenye mali. Aghalabu maradhi yao si moja: mtu ana kisukari, na akili zake zina ugonjwa, na juu ya hayo ni mlevi. Kwa miaka mingi desturi ya huko ilikuwa kuwapandisha ngazi. Mtu alale kwanza bwenini, kisha aache pombe, kisha ameze dawa bila kukosa, aonyeshe adabu, ndipo apewe chumba. Wengi walianguka katika kipandio cha kwanza. Ilikuwa sawa na kumwambia mtu aliyelowa mvua ajikaushe kwanza ndipo aingie ndani.

Katika mwaka 1992, Sam Tsemberis, mtaalamu wa saikolojia mjini New York, aliigeuza ngazi hiyo juu chini. Chama alichokianzisha, Pathways to Housing, kilimpa mgonjwa nyumba kwanza, bila kumdai aache kileo wala akubali kutibiwa. Alitakiwa kutoa sehemu ya pato lake kuwa kodi, na kukubali kutembelewa. Daktari, muuguzi na wasaidizi wengine walimfuata kwake, badala ya kumngojea yeye awafuate.

Nchi ya Finland ililichukua shauri hilo ikalifanya kazi ya serikali tangu mwaka 2008. Mjini Helsinki, bweni la Jeshi la Wokovu katika njia ya Alppikatu, lililokuwa na vitanda zaidi ya 200, lilibomolewa ndani likajengwa upya, likawa na nyumba 81, kila moja na mlango wake, na wasaidizi wakiwa humo humo. Mwaka 1985 mji huo ulikuwa na vitanda vya bwenini zaidi ya 2,000. Ilipofika mwaka 2016 vilibaki 52 tu. Sisi tuliopata kulala bwenini siku za shule twajua tofauti ya kitanda na mlango. Mwenye ufunguo aweza kuweka dawa zake mahali akazikuta kesho, na muuguzi ajua atamkuta wapi.

Wako watakaouliza: Je, ni haki mlevi apewe nyumba, na mtu wa kazi ahangaike na kodi? Swali hilo si la kudharauliwa, nasi hatutalijibu kwa maneno matamu. Huko Kanada, tangu mwaka 2009 mpaka 2013, jambo hili lilipimwa katika miji mitano kwa wagonjwa wa akili zaidi ya 2,000 wasio na makao. Katika miezi sita ya mwisho, waliopewa nyumba kwanza, 62 katika kila 100 walikuwa na makao wakati wote. Wale walioachiwa utaratibu wa zamani, 31 tu. Lakini kwa ugonjwa wa akili na ulevi, makundi yote mawili yalipata nafuu karibu sawasawa. Basi nyumba haikuwa dawa ya ulevi, na anayeisifu kwa hilo anaisifu kwa uongo. Ilifanya kazi ya nyumba. Hatujasikia mtu wa kazi akinyang'anywa yake kwa sababu bado anakunywa pombe Jumamosi.

Tena nyumba tupu haitoshi. Mtu mwenye maradhi matatu akifungiwa peke yake ndani ya kuta nne, asijiwe na muuguzi wala jirani, ataugua humo badala ya kuugua njiani. Hapo ndipo wabana matumizi hupenda kukata: hugawa funguo mbele ya wapiga picha, kisha mwaka wa pili huwapunguza wauguzi.

Finland yenyewe yatuonyesha. Watu wasio na makao, waliokuwa zaidi ya 18,000 mwaka 1987, walipungua kadiri miaka ilivyopita, wakawa 3,429 mwaka 2023. Mwaka 2024 serikali ilipunguza msaada wa kodi ya nyumba. Walipohesabiwa mwaka huo huo walikuwa 3,806, na wengine wao walikutwa wakilala nje.