Akili Mnemba kwa Majedwali ya Ofisi: Lipa Lini, Usilipe Lini

Makampuni makubwa ya akili mnemba yanauza kifurushi cha mtu mmoja kwa bei inayokaribiana, takriban dola 20 kwa mwezi. Ukiisikia hivyo unaona si haba. Piga hesabu tena. Huduma ya kidijitali inayotoka nje ina VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania, kwa hiyo dola 20 inakuwa 23.20 Nairobi na 23.60 Dar es Salaam. Dola ikiwa shilingi 130, Mkenya anatoa kama 3,000. Ikiwa 2,500, Mtanzania anatoa 59,000, na kwa mwaka ni zaidi ya laki saba.

Na hapo benki bado haijachukua chake. Kadi inapolipa kwa dola, benki hubadilisha fedha kwa kiwango chake yenyewe, si kile ulichosikia kwenye taarifa ya habari, na baadhi huongeza ada ya muamala wa nje. Waulize kabla, maana ada hiyo haiandikwi kwenye tangazo lolote.

Kwamba msaidizi wa akili mnemba anaweza kusoma jedwali la mauzo, orodha ya marejesho ya SACCOS au mahudhurio ya vibarua, hilo halina ubishi. La kujiuliza ni kama kazi yako inafikia thamani ya laki saba.

Kwa wengi haifikii. Kama ripoti yako ni ya mwisho wa mwezi na faili lina mistari mia kadhaa, kifurushi cha bure kinatosha. Kina kikomo: ukishatuma mafaili na maswali kadhaa unaambiwa usubiri saa chache, au unashushwa kwenye toleo dhaifu. Mwenye ripoti moja kwa mwezi hatausikia sana uchungu huo.

Ipo namna ya kukifanya cha bure kidumu zaidi: usiombe jibu, omba fomula. Huhitaji hata kupakia faili. Mwambie safu A ina tarehe, B ina jina la bidhaa, C ina kiasi cha fedha, nawe unataka jumla ya saruji iliyouzwa mwezi Machi. Atakupa fomula, utaibandika kwenye jedwali lako. Mwezi ujao bado ipo palepale, inafanya kazi bila bando na bila kumlipa mtu. Jibu lililobaki kwenye mazungumzo, kinyume chake, ni la siku hiyo tu. Takwimu zikibadilika unaanza upya, na kikomo chako kinaliwa upya.

Fomula inakulinda pia na hatari nyingine. Wasaidizi hawa hupiga hesabu kwa njia mbili. Ya kwanza, msaidizi anaandika programu fupi na kuiendesha juu ya mistari yote ya faili, na jumla inayotoka ni hesabu ya kweli. Ya pili, anasoma tarakimu kama anavyosoma habari, kisha anatunga jibu linalofanana na jumla. Majibu ya njia zote mbili yanakuja kwa lugha ileile ya kujiamini. Faili likiwa refu, anaweza kusoma sehemu tu na asikuambie. Kabla ya kulipia huduma yoyote, mwambie akuonyeshe programu aliyoitumia na idadi ya mistari aliyoisoma. Akishindwa, funga mkoba.

Sasa upande wa pili, kwa sababu ipo kazi ambayo pesa yake hurudi: kusafisha takwimu chafu. Majedwali yetu yanajulikana. Mmoja kaandika 1,250,000/= na ile alama ya mwisho inaigeuza namba kuwa maandishi, kwa hiyo fomula ya jumla inairuka kimyakimya. Mwingine kaandika 03/04/2025 akimaanisha tarehe 3 Aprili, lakini kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani inasoma Machi 4. Bidhaa moja ina majina matatu: saruji, cement, na "mfuko wa 50kg". Ongeza taarifa ya miamala ya simu iliyokuja kama PDF yenye neno la siri, ambayo lazima igeuzwe jedwali kabla ya kuhesabiwa chochote. Kwa mkono hiyo ni kazi ya kukesha. Kwa msaidizi anayeendesha programu, ni ya muda mfupi, mradi umwambie waziwazi kwamba tarehe zako zinaanza na siku na umtake aorodheshe kila alichobadilisha.

Kazi ya namna hiyo huja kwa msimu: kufunga mwaka, ukaguzi, maombi ya mkopo. Basi lipa mwezi mmoja. Ghairi usajili siku ileile uliyolipa. Kwa kawaida huduma inaendelea mpaka mwezi uishe, na hutashtukia makato mengine mwezi unaofuata. Punguzo la kulipa mwaka mzima liache. Bei na matoleo katika soko hili vinabadilika haraka mno kufungiwa miezi 12. Katika baadhi ya nchi vipo tayari vifurushi vya chini ya dola 10. Tazama kama kwako vimefika kabla ya kukimbilia cha 20. Ukiweza, tumia kadi pepe ya mtandao wa simu na uweke kiasi kinachotosha tu. Majaribio "ya bure" yanayodai kadi kwanza yahesabu kama deni linalokusubiri.

Msaidizi aliyepachikwa ndani ya programu ya ofisi yenyewe ndiye anayependeza kuliko wote kwenye maonyesho. Yuko pembeni ya jedwali, hupakii kitu. Lakini kwa baadhi ya programu makampuni huuziwa msaidizi huyo kwa karibu dola 20 hadi 30 kwa kila mtumiaji kwa mwezi, juu ya ada ya programu, na mara nyingi kwa mkataba wa mwaka. Vifurushi vya timu navyo huwa na idadi ya chini ya watumiaji. Ofisi ya watu sita ambayo ripoti zinaandikwa na mmoja haina sababu ya kulipia sita. Mnunulieni huyo mmoja, au msinunue.

Ipo pia mifumo ya akili mnemba inayoendeshwa kwenye kompyuta yako mwenyewe, bila ada wala intaneti. Midogo inayofaa ina ukubwa wa GB 4 au 5 kuipakua, na inataka kompyuta yenye RAM ya GB 16 ili isikuchoshe. Kama mashine unayo, jaribu. Kuinunua kwa ajili ya hilo peke yake ni hasara.

Usisahau ulichonacho tayari. Jedwali la muhtasari, lile ambalo wahasibu huliita pivoti, lipo hata kwenye programu za ofisi za bure, na linajumlisha kwa mwezi, kwa tawi au kwa bidhaa bila kubahatisha. Programu maarufu za majedwali zinabeba mistari 1,048,576; duka lako halitafika huko. Angalia tu muundo wa faili. Ule wa zamani uliishia mistari 65,536, na mwaka 2020 Uingereza ilipoteza kwa muda taarifa za karibu wagonjwa 16,000 wa Uviko kwa sababu ya kikomo hicho. Faili la zamani lihifadhi upya kwa muundo mpya kabla ya kulipeleka popote.

Gharama ambayo haimo kwenye risiti ni siri za watu. Vifurushi vingi vya bure, na baadhi ya vya kulipia vya mtu binafsi, vinaweza kutumia unachotuma kufundishia mifumo yao, isipokuwa uzime ruhusa hiyo kwenye mipangilio. Vya makampuni kwa kawaida havifanyi hivyo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na zote zinaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Orodha ya wakopaji yenye majina, namba za simu na vitambulisho usiipakie. Futa safu hizo, weka namba za mpangilio badala yake. Ukibanwa na sheria, hutaweza kusema uliokoa muda.

Kabla ya kutoa hata shilingi, chukua faili la mwezi uliokwisha, ambao jumla yake unaijua na bosi ameshaisaini. Mpe msaidizi wa bure alijumlishe. Jumla ikilingana na daftari, una sababu ya kufikiria mwezi mmoja wa kulipia. Isipolingana, baki na fomula zako.