Yaya wa Hokusai na Mashairi Mia Moja

Mwaka 1835 hivi, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, mchoraji wa Kijapani Katsushika Hokusai alijitwika kazi ambayo hata kijana angeiogopa: picha mia moja kwa mashairi mia moja. Mashairi yenyewe ni ya diwani ya Hyakunin Isshu, inayosemwa ilikusanywa na Fujiwara no Teika katika karne ya 13. Washairi ni mia, kila mmoja na shairi lake moja la mizani 31, yaani pungufu kwa mizani moja tu ya mishororo miwili ya shairi letu la mizani 16. Kufikia zama za Hokusai diwani hiyo ilikuwa imeshatoka kwa makabaila. Watu wa mjini waliihifadhi kwa mchezo wa karata: mmoja anasoma, wenzake wanagombania karata yenye nusu ya pili ya shairi.

Wachoraji wengi walizoea kumchora mshairi ameketi, amejitanda mavazi ya kifahari, shairi limeandikwa juu yake. Hokusai aliuita mfululizo wake maelezo ya yaya, kana kwamba mfafanuzi si mwanazuoni bali bibi anayewasimulia watoto kwa kadiri alivyoelewa. Kisingizio hicho kilimpa uhuru mkubwa. Shairi la Mfalme Tenchi juu ya kibanda cha shambani likawa picha ya wakulima kazini. Kakinomoto no Hitomaro aliufananisha usiku wa kulala peke yake na mkia mrefu wa ndege wa porini. Pichani ndege hayumo. Wamo wavuvi wanaovuta wavu, na moshi unaopanda ukijipinda, mrefu kama mkia ule. Aliyelihifadhi shairi atatabasamu. Asiyelijua ataona uvuvi tu. Kwangu mimi, hiyo ndiyo bora kuliko zote.

Picha hizo zilikusudiwa kuchapwa kwa mbao za kuchonga, lakini Hokusai mwenyewe hakuchonga wala kuchapa. Alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji akaibandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, akaifuata mistari kwa kisu, akiuondoa mti ulio kando yake. Mchoro ukaangamia hapohapo, umekatwakatwa pamoja na ubao. Baada ya hapo kila rangi ilipata ubao wake, wenye alama za kuipanga karatasi isihame. Mashine haikuwapo: mchapaji aliilaza karatasi juu ya ubao uliopakwa rangi, akaisugua mgongoni kwa kisugulio kilichofunikwa ganda la mwanzi.

Kazi ya namna hiyo hulipiwa na mchapishaji, na miaka hiyo Japani ilikuwa katika njaa kubwa. Nishimuraya Yohachi, aliyeuanzisha mfululizo, aliuachia njiani; mchapishaji mwingine akaupokea, naye hakufika mbali. Zikatoka chapa 27 tu za rangi.

Hata hivyo, michoro ya wino zaidi ya 60 ipo hadi leo, mingi ikiwa katika jumba la sanaa la Freer mjini Washington. Imesalimika kwa sababu haikumfikia mchongaji. Katika zile 27, mstari unaouona ni wa kisu cha fundi aliyemfuatisha Hokusai, hodari lakini si yeye. Anayetaka kuuona mkono wa mzee mwenyewe aitafute michoro iliyokosa mchapishaji.