Gauni la mama sandukuni: Mitindo ya kale katika harusi za Migori na Homa Bay

KATIKA baadhi ya nyumba za Kusini mwa Nyanza, chini ya kitanda cha mama au juu ya kabati, huwa kuna sanduku la bati ambalo watoto hukatazwa kulifungua. Ndani yake mna vyeti vya ubatizo, picha zilizoanza kufifia na, mara nyingine, gauni jeupe la harusi lililovaliwa siku moja tu.

Kwa bibi harusi wa leo anayejiandaa kwenda kanisani Rongo, Awendo, Oyugis au Mbita, gauni hilo huenda likawa na thamani kuliko anavyodhani. Gauni jipya kutoka ng'ambo ni ghali. La kukodi ni sharti lirudishwe mara tu sherehe inapomalizika, na doa moja la mchuzi laweza kumeza pesa zote za dhamana. Wapo pia wachumba, na hata watu ambao tayari wana watoto, wanaoahirisha harusi ya kanisani mwaka baada ya mwaka kwa sababu ya gharama, na gauni huwa miongoni mwa gharama hizo.

Wafanyabiashara wa mavazi duniani hulihesabu vazi kuwa la kale likiwa limetimiza angalau miaka 20. Likipita miaka 100 huingia katika kundi jingine, la vitu vya kihistoria vinavyowekwa na wakusanyaji na majumba ya makumbusho. Kwa kipimo hicho, gauni lililoshonwa mwaka wa 2000 tayari ni la kale, jambo ambalo huenda lisiwafurahishe waliofunga ndoa mwaka huo. Kisha kuna gauni jipya lililoshonwa kwa kuiga mtindo wa zamani. Huo ni mwigo, na mwigo si aibu. Aibu ni ya muuzaji anayetoza bei ya gauni la kale kwa nguo iliyotoka kiwandani mwaka jana.

Rangi nyeupe yenyewe si ya zamani kama inavyodhaniwa. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa na Albert mnamo Februari 10, 1840, alivaa satini nyeupe iliyofumwa Spitalfields, London, pamoja na lesi ya Honiton. Wakati huo wanawake wengi wa Ulaya walikwenda kuolewa na gauni lao bora, liwe la samawati, jekundu au la kahawia, kisha wakaendelea kulivaa. Picha za malkia zilisambaa na matajiri wakaiga. Watu wa kawaida walichelewa, kwani nguo nyeupe ni taabu kufua.

Kando ya Ziwa Victoria, mwanamke wa Kijaluo aliyeolewa alitambulika kwa chieno, mkia wa nyuzi uliofungwa kiunoni na kuning'inia nyuma. Mnamo Novemba 1906, wamishonari wa Kiadventista Arthur Carscallen na Peter Nyambo, huyu wa pili akitoka nchi ambayo leo ni Malawi, walifika Gendia karibu na Kendu Bay. Wakatoliki wa shirika la Mill Hill nao walijenga misheni Asumbi. Waliokubali dini na shule waliitwa jonanga, yaani watu wa nguo. Chieno ikaanza kuvuliwa, na pamoja na kalamu na Biblia likaja gauni la harusi.

Hata neno ambalo Wajaluo hulitumia kwa harusi ya kanisani, arus, limetoka katika Kiswahili. Hata hivyo, gauni halikuchukua nafasi ya ng'ombe. Mama mzazi wa binti bado hupewa ayie, fedha za kuonyesha kwamba amekubali, na mahari bado hujadiliwa na wazee. Gauni lilikuja kukaa juu ya mambo hayo, na pengine ndiyo sababu limekuwa mzigo: familia hulipa kwa desturi mbili.

Harusi iliyojulikana zaidi ya mtu wa eneo hilo ni ya Tom Mboya, ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga. Alimwoa Pamela Odede mnamo Januari 20, 1962, katika Kanisa Katoliki la St Peter Claver's, Nairobi. Pamela, bintiye mwanasiasa Walter Odede, alikuwa amesoma Makerere na kisha Marekani. Picha za siku hiyo zingali zinachapishwa, na anayetaka kumwonyesha fundi namna bibi harusi wa kisasa alivyovaa Kenya ikikaribia uhuru anaweza kuanzia hapo.

Kutambua umri wa gauni si kazi ngumu kwa anayejua pa kutazama. Magauni ya miaka ya 1950 huwa na kiuno chembamba na sketi pana iliyoinuliwa kwa matabaka ya kitambaa kigumu ndani. Mfano wake mashuhuri ni gauni la lesi alilovaa Grace Kelly alipoolewa Monaco mnamo Aprili 1956, lenye shingo iliyofunikwa na mikono mirefu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 magauni yalikuwa yamenyooka na kupungua urefu. Miaka ya 1970 ikaleta mikono iliyopanuka kuelekea viganjani na kola ndefu.

Halafu akaja Diana. Gauni alilovaa London mnamo Julai 29, 1981 lilikuwa na mkia wa zaidi ya mita 7 na mikono iliyofura mabegani kama puto. Anayepekua albamu za familia za miaka ya 1980 na 1990 nchini Kenya ataikuta mikono hiyo tena na tena, wakati mwingine mikubwa kuliko kichwa cha mwenye gauni. Watoto huicheka. Ila ukweli ni kwamba mikono hiyo ni hazina, kwa sababu ndani yake mna kitambaa kingi ambacho fundi anaweza kukitumia kwingine.

Zipu nayo husema mengi. Zipu ya chuma huashiria kwamba gauni lilishonwa kabla ya miaka ya 1970 au karibu na hapo. Baadaye zile za nailoni zilitawala. Mishono ya ndani iliyomaliziwa kwa mkono huonyesha kazi ya fundi mmoja mmoja, ilhali kingo zilizozungushiwa uzi kwa mashine ya ovaloki aghalabu ni za kiwandani. Kibandiko cha saizi kisiaminiwe. Vipimo vya zamani vilikuwa vidogo kuliko vya leo, hivyo gauni lenye namba ileile anayovaa bibi harusi laweza kukataa kumpita mabegani. Kipimo cha kuaminika ni utepe wa fundi.

Wasio na sanduku la mama hugeukia mitumba. Biashara hiyo, iliyokuwa imebanwa awali, ilifunguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na isipokuwa miezi michache ya 2020 ambapo serikali ilizuia uagizaji kwa sababu ya Covid-19, marobota hayajaacha kupita bandari ya Mombasa. Magauni ya harusi kutoka Ulaya na Marekani Kaskazini hufika Gikomba jijini Nairobi na Kibuye mjini Kisumu, na kutoka huko wachuuzi huyafikisha miji midogo. Nguo bora za robota, ambazo wafanyabiashara huziita 'kamera', huchukuliwa asubuhi na mapema. Anayefika saa sita mchana hupekua masalio, ingawa katika masalio hayo ndimo gauni la miaka 40 iliyopita linaweza kujificha, kwa kuwa muuzaji huliona limepitwa na wakati.

Kabla ya kulipa, ni vyema gauni litazamwe mwangani, chini ya makwapa, pindoni na kwenye mishono ya kiuno. Manjano iliyoenea sawasawa si balaa. Lesi ya pamba iliyobadilika rangi yaweza hata kuchovywa katika chai ya rangi ili ilingane na sehemu nyingine. Balaa ni hariri iliyopasuka vijistari vidogo vidogo. Hariri ya namna hiyo imekufa, na hakuna fundi awezaye kuifufua.

Ikiwa haijulikani ni kitambaa gani, uzi mmoja uliochomolewa ndani ya pindo hutoa jibu ukichomwa. Pamba huungua kama karatasi. Hariri hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika. Poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Jambo hili si la udadisi tu, kwani dawa ya klorini, ambayo wengi huiita jiki, huila hariri, na huweza kuifanya nailoni kuwa manjano zaidi. Magauni mengi ya mama zetu yameharibiwa na nia njema ya kuyafanya yawe meupe.

Kazi ya fundi huanzia hapo. Gauni linalobana hupanuliwa kwa kufumua mishono ya pembeni, ambamo mafundi wa zamani waliacha kitambaa cha akiba, au kwa kutia kipande kipya chini ya makwapa. Njia nyingine ni kuondoa zipu ya mgongoni na kuweka kamba za kukaza, ambazo humfaa pia bibi harusi ambaye mwili wake huenda ukabadilika kabla ya siku yenyewe. Bitana mpya ya pamba huokoa gauni la poliesta ambalo lingemtokesha jasho kwenye joto la Homa Bay, na mkia mrefu hufupishwa, kwa kuwa uwanja wa kanisa la kijijini baada ya mvua si zulia. Mafundi wa eneo hilo wana mazoea ya kitambaa cheupe. Migori ndiko kuliko Got Kwer, mahali patakatifu pa waumini wa Legio Maria alikozikwa Simeo Ondeto aliyefariki mwaka wa 1991, na kanzu za kanisa hilo hushonwa kwa uangalifu usiopungua ule wa harusi.

Makanisa nayo yana sauti. Waadventista, ambao ni wengi katika kaunti hizi mbili, husisitiza mavazi ya staha, na gauni lisilo na mabega laweza kumletea bibi harusi maneno ya wazee wa kanisa siku chache kabla ya ndoa. Kwa Waislamu wa Kendu Bay, ambako kuna msikiti maarufu wa Tawakal, kufunika mwili ni jambo lisilo na mjadala. Hapa mitindo ya kale ina nafasi yake: mengi ya magauni ya miaka ya 1950 na 1970 yana mikono na shingo iliyofunikwa tayari. Catherine Middleton alipoirudisha mikono ya lesi mnamo Aprili 29, 2011, aliwasaidia mabibi harusi wengi kushinda ubishi na mama zao.

Na gauni lisilo na mikono hutiwa mikono. Beatrice, mjukuu wa Malkia Elizabeth, alifunga ndoa Julai 17, 2020 akiwa amevaa gauni la nyanya yake lililobuniwa na Norman Hartnell, likiwa limeongezwa mikono ya kitambaa chepesi cha organza. Kazi hiyo ni ileile inayofanywa kwa cherehani ya kukanyaga kwa mguu kwenye veranda za madukani Migori.

Wanaonufaika zaidi pengine si wasichana wa miaka 25. Ni wanawake waliokwisha kuolewa kimila, wakazaa na kulea, na ambao sasa wanataka ndoa yao ibarikiwe, mara nyingi katika harusi za pamoja ambapo jozi nyingi husimama altareni siku moja. Kwa Mkatoliki jambo hili ni zito, kwani asiyefunga ndoa kanisani huku akiishi na mume hukosa kupokea komunyo. Kanuni za Kanisa hudai ridhaa ya wawili mbele ya padri au shemasi na mashahidi wawili. Gauni jeupe halimo. Sheria ya Ndoa ya 2014, inayotambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, haimtaki mtu avae chochote maalumu. Mama wa miaka 50 anaweza kuvaa gauni la rangi ya maziwa lenye urefu wa kufika chini ya magoti, kwa mtindo wa miaka ya 1960, na likamkaa vyema kuliko sketi ya puto iliyokusudiwa bintiye.

Liko jambo moja ambalo fundi hawezi kulitatua. Gauni la mama lina madai ya mabinti wote, na anayelikata kwa kipimo chake amewanyima wadogo zake. Pia baadhi ya familia husita kumvisha bibi harusi nguo ya marehemu. Mambo haya yaulizwe nyumbani kabla ya mkasi kuguswa, na pale ambapo jibu ni la kukataa, fundi anaweza kuliiga gauni lenyewe kutoka kwenye picha, au kuchukua kipande cha lesi tu na kukishonea ndani ya pindo.

Baada ya harusi gauni lisirudishwe sandukuni vivi hivi. Soda na sukari ya keki hazionekani zikikauka, lakini baada ya miaka huwa madoa ya kahawia yasiyotoka. Lifuliwe au lipelekwe kwa dobi upesi, likauke kabisa kivulini, kisha lifungwe kwa shuka nyeupe ya pamba, wala si kwa mfuko wa plastiki unaofungia unyevu wa ziwa ndani. Bati hupata kutu na kutu huhamia nguoni, kwa hiyo shuka lingine hutandikwa chini. Mara moja au mbili kwa mwaka, siku ya jua, gauni lifunguliwe, lipigwe na upepo kivulini na kukunjwa upya mahali pengine tofauti na pale palipokunjwa mwanzo.