Mpini wa kisu: chagueni resini, lindeni ngozi

Ndugu wafanyakazi, wako kati yenu wanaojitengenezea mipini ya visu kwa kumimina resini ya epoksi. Kabla ya kununua, someni karatasi ya chupa. Epoksi inayokauka kwa dakika tano ni gundi ya kubandikia tu: ukiimimina nene inapata moto, inatoa moshi, inapasuka. Tafuteni ile ya kumimina, inayoganda polepole, saa 24 au zaidi.

Chupa ni mbili: resini na dawa ya kuigandisha. Pimeni kama karatasi inavyosema. Kuzidisha dawa hakuharakishi kazi. Mpini unabaki unanata, na epoksi inayonata bado inadhuru ngozi.

Hatari kubwa ndiyo hiyo. Ngozi ikiisha kuikataa epoksi, mara nyingi inaikataa maisha yote: ukiigusa tena, mikono inawasha na kutoka malengelenge. Vaeni ganti. Ikiwagusa, oseni kwa sabuni na maji, si kwa esansi, maana esansi inaharibu ngozi na kuifungulia sumu njia. Fanyeni kazi nje, mbali na vyungu na watoto. Mkipiga msasa, fungeni pua na kinywa kwa kizuia vumbi.

Mwenye vipele asingoje. Aje dispansere, aeleze na kazi anayofanya nyumbani.